Maumivu Nyuma ya Kisigino: Kipande cha Mpira Chaweza Kukuokolea Msimu

Mvua ya kwanza ya mwezi wa Machi haimngojei mtu. Wakulima wa mpango wa makazi katika Bonde la Lambwe wanalijua jambo hili kuliko sisi tunaoliandika. Ule udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, hulainika kwa siku chache tu. Ukiwahi, plau hupita vizuri. Ukichelewa, udongo huwa tope la kunasa plau na maksai pamoja. Basi mtu ambaye tangu Desemba amekuwa akitembea kidogo tu, kwenda mtoni na kurudi, au kwenda sokoni na kurudi, huamka asubuhi moja akafuata plau kutwa nzima. Kesho yake hufanya vivyo hivyo, na kesho kutwa pia.

Ni katika majuma hayo ya kulima ndipo tulipokutana na mzee mmoja wa Lambwe katika soko la Rodi Kopany. Alikuwa ameketi mbele ya fundi wa viatu, kiatu kimoja mkononi. Alituambia kwamba kila asubuhi hushuka kitandani akijishika ukutani. Hatua kumi za kwanza ni kama mtu amemfunga uzi wa moto nyuma ya kisigino. Akiisha kutembea kidogo uchungu hupungua, naye huenda shambani akidhani amepona. Jioni uchungu hurudi, tena mkali kuliko wa asubuhi. Alikuwa amekwisha kujipaka mafuta ya kila namna. Jirani alimshauri akae chini mwezi mzima bila kufanya kazi.

“Nikikaa chini mwezi wa Machi,” alituuliza, “shamba litalimwa na nani?”

Swali lake ni la haki, na makala hii yajaribu kulijibu. Dawa ya kwanza aliyopewa ilikuwa ndogo kuliko alivyotazamia, nayo ilitoka katika tairi kuukuu.

UKANO AMBAO MCHINJAJI ANAUJUA

Kila mtu aliyewahi kuchuna mbuzi anaufahamu ukano tunaousema. Mbuzi akiisha kuchinjwa, hutobolewa nyuma ya mguu, katikati ya mfupa na ule ukano mnene, na kijiti au ndoano hupitishwa hapo. Nyama yote ya mbuzi huning'inia kwa kano mbili tu, nazo hazikatiki. Hata paja zito la ng'ombe hutundikwa namna hiyo.

Binadamu naye anao ukano kama huo katika kila mguu, na katika mwili mzima hakuna ukano mwingine mnene na wenye nguvu kuupita. Misuli ya shavu la mguu, ambalo wengine huliita kigimbi, huishia katika ukano huo mmoja, nao umeshikamana na mfupa wa kisigino. Kila unaponyanyua kisigino ili kupiga hatua, ni shavu la mguu linalovuta ukano, na ukano unaovuta mfupa. Mtu akikimbia, ukano huo hubeba uzito wa mwili wake mara kadhaa kwa kila hatua.

Madaktari wa Ulaya waliupa jina la Akile, shujaa wa hadithi za kale za Wayunani. Yasemekana mama yake alimchovya mtoni alipokuwa mchanga ili mwili wake usipenywe na silaha, lakini alimshika kisigino, na mahali hapo hapakupata maji. Baadaye mshale ulimpata papo hapo. Hadithi hiyo haitakuwa ngeni kwa Wajaluo, maana Luanda Magere naye alikuwa na mwili wa jiwe, ila kivuli chake hakikuwa cha jiwe, na adui walipokijua kivuli chake ndipo walipomuua.

Pamoja na nguvu zake zote, ukano una udhaifu wake. Haupati damu nyingi kama msuli, na kwa hiyo ukiumia hupona polepole. Tena hauzoei kazi mpya upesi. Msuli wa mtu aliyeanza kulima huzoea baada ya majuma machache, lakini ukano huchukua miezi. Mtu hujiona ana nguvu, huzidisha kazi, na ukano hubaki nyuma. Hapo ndipo nyuzi zake ndogo ndogo zinapoanza kuharibika na mahali hapo kuvimba, kuwa pagumu asubuhi, na kuuma ukipabana kwa vidole viwili.

Wala jambo hili haliwapati watu wasio na mazoezi peke yao. Haile Gebrselassie wa Ethiopia, aliyemshinda Paul Tergat wetu katika mbio za mita 10,000 huko Sydney mwezi wa Septemba 2000 kwa sehemu 9 tu za mia moja za sekunde, alikimbia mbio hizo akisumbuliwa na ukano huu, na baadaye alipasuliwa na madaktari. Ikiwa ukano wa bingwa wa dunia waweza kuchoka, wa mkulima wa miaka hamsini aliyepumzika tangu Krismasi hauna kinga.

KAZI ZINAZOUVUTA

Tazama mtu anayefuata plau. Mguu mmoja hutembea ndani ya mtaro, mwingine hukanyaga mabonge. Mara nyingi vidole huwa juu ya bonge na kisigino hushuka chini, na hapo ukano huvutwa kwa urefu wake wote huku uzito wa mwili ukiwa juu yake. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu anayepanda njia za milima ya Gwassi, au ukingo wa Kaniamwia, akiwa na gunia mgongoni. Ndivyo ilivyo kwa wanaobeba miwa kutoka shambani mpaka barabarani huko Awendo na Ndhiwa. Na yule anayemwagilia sukumawiki karibu na Ziwa kwa pampu ya kukanyaga kwa miguu hufanya shavu la mguu kazi ya maelfu ya hatua bila kusogea hata yadi moja.

Viatu navyo vina sehemu yake. Patipati ni bapa kabisa na nyembamba. Akala za tairi zadumu, lakini nazo ni bapa. Gambuti zafaa sana kwa matope, lakini nyingi hazina kisigino cha kutosha, na zikiwa kubwa kuliko mguu huteleza juu na chini na kusugua ukano kila hatua. Hatusemi kwamba viatu bapa ni vibaya. Mtu aliyetembea pekupeku tangu utoto ana ukano uliozoea. Tunalosema ni kwamba mtu aliyezoea viatu vyenye kisigino, kisha msimu ukaingia akavaa gambuti au patipati kutwa, ameuongezea ukano wake kazi bila kujua.

Kabla ya kwenda mbali, hakikisha kwamba ni ukano kweli. Kama uchungu uko chini ya kisigino, mahali unapokanyagia, huo ni ugonjwa mwingine. Kama kuna alama ndogo nyeusi yenye kuwasha, tafuta funza. Kama kuna mwiba, mwiba utolewe. Uchungu wa ukano uko nyuma. Ama huwa juu kidogo ya mfupa, yapata vidole viwili au vitatu juu yake, ama huwa pale pale ukano unaposhikamana na mfupa. Kumbuka ni mahali gani kati ya hapo pawili, maana tutaparudia.

KIPANDE CHENYEWE

Ukiinua kisigino kidogo, ukano haunyooshwi tena mpaka mwisho wake, wala haubanwi sana juu ya mfupa. Hilo ndilo jambo lote. Huna haja ya kuacha kutembea, bali unatembea huku ukano ukiwa umelegezwa kidogo.

Fundi wa Rodi Kopany alikuwa na tairi, tyubu kuukuu, na mabaki ya patipati zilizokatika. Mzee alipomweleza habari zake, fundi alimtaka kiatu cha pili.

“Wuoda,” mzee alimjibu, kama wazee wa huku wanavyowaita vijana, “mguu unaouma ni mmoja tu.”

“Najua, Jaduong'. Lakini nikiinua mmoja tu, mguu huo utakuwa mrefu kuliko mwingine. Utarudi kwangu na mgongo unaouma, na mgongo mimi sishoni.”

Alisema kweli. Vipande huwekwa katika viatu vyote viwili, hata kama ni mguu mmoja tu unaouma.

Tulimtazama akifanya kazi, na mtu yeyote mwenye kisu kikali aweza kufanya hivyo nyumbani. Kwanza alimsimamisha mzee juu ya karatasi akachora kisigino, kutoka nyuma mpaka mahali wayo unapoanza kuinuka katikati. Kipande kiishie hapo. Hakina kazi chini ya vidole. Kisha alikata mpira mgumu wa tairi kuwa wa chini, na juu yake akagandisha patipati laini kwa gundi ya viatu. Mpira mgumu peke yake huumiza mfupa, na patipati peke yake hubonyea ikawa nyembamba kama karatasi baada ya siku chache, mtu akadhani anavaa kipande kumbe havai kitu. Viwili vikiungana hufaa.

Unene wote, ukiisha kubanwa na uzito wa mtu, uwe yapata milimita 12, yaani zaidi kidogo ya sentimita moja. Fundi alipima kwa rula. Kuzidisha unene si kuzidisha dawa. Ukifika sentimita mbili au tatu, kisigino hutoka kiatuni, mwili hulemea mbele, na vidole huanza kuuma. Upande wa mbele wa kipande alichonga kwa mshazari, kama mteremko, ili mguu usikute ukingo wa kukanyaga. Hilo ni jambo dogo, lakini watu wengi wanaojitengenezea hulisahau, na baada ya siku mbili hukitupa kipande wakisema kinakera.

Katika kiatu cha kamba kazi ni rahisi, ila angalia kwamba ukingo wa nyuma wa kiatu haugusi sasa mahali panapouma, kwa kuwa mguu umeinuka. Ukigusa, kata ukingo huo au ulainishe. Katika gambuti, vipande viwekwe juu ya soli ya ndani inayoweza kutolewa, vikaushwe kivulini kila jioni, maana unyevu hula gundi. Katika akala, fundi hupigilia tabaka moja zaidi la tairi chini ya kisigino, kwa nje, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo njia bora kwa mtu asiyependa viatu vya kufungwa. Patipati haifai kutiwa kitu. Iache ya bafuni.

JE, IMEJARIBIWA?

Wakulima wana haki ya kuuliza kama jambo hili limejaribiwa, kama vile wanavyouliza habari za mbegu mpya. Limejaribiwa. Chuo Kikuu cha La Trobe, mjini Melbourne, Australia, kilitangaza mwaka 2021 matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa watu 100 wenye maumivu ya ukano huu, wale ambao uchungu wao uko juu ya mfupa. Waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa vipande vya milimita 12 kwa viatu vyote viwili. Kundi la pili lilipewa mazoezi ya kushusha kisigino ambayo madaktari wameyategemea kwa miaka mingi. Baada ya majuma 12, waliovaa vipande walikuwa wamepata nafuu zaidi.

Tusilikuze jambo hilo kupita kiasi. Watu hao hawakuwa wakifuata maksai katika udongo mweusi, na majuma 12 si mwaka. Lakini ni ushahidi mwema kwa kitu kisichogharimu sana.

Chuo hicho hicho kilikuwa kimefanya jaribio jingine, lililotangazwa mwaka 2015, kwa watu 140. Safari hiyo walijaribu soli za ndani zinazotengenezwa kwa kufuata umbo la wayo wa kila mtu, ambazo bei yake ni kubwa. Wengine walipewa soli za kubahatisha tu, na wote walifanya mazoezi. Hapakuonekana tofauti. Basi mtu akikuambia kwamba mguu wako hautapona mpaka ununue soli maalumu za maelfu ya shilingi, kumbuka habari hii kabla ya kuuza kuku.

MAZOEZI YA UKANO

Kipande hupunguza mzigo, lakini hakiongezi nguvu za ukano. Uchungu ukianza kutulia, baada ya juma moja au mawili, ukano hauna budi kufundishwa kazi upya. Hapa watu wengi hukosea kwa njia mbili. Wengine huacha kila kitu na kulala, na ukano hudhoofika zaidi. Wengine husikia nafuu wakarudi kwenye plau kutwa nzima siku hiyo hiyo.

Zoezi linalojulikana zaidi lilienezwa na daktari Msweden, Håkan Alfredson, wa mji wa Umeå, mwaka 1998. Yeye aliwajaribu wanamichezo 15 waliokuwa wakingojea kupasuliwa, nao wote walirudi kwenye mbio zao baada ya majuma 12. Simama juu ya kizingiti au gogo lisilotikisika, kwa sehemu ya mbele ya miguu, visigino vikiwa nje. Jishike mlangoni. Inuka kwa miguu yote miwili, kisha hamisha uzito juu ya mguu unaouma, na uushushe polepole sana mpaka kisigino kiwe chini ya kizingiti. Fanya hivyo mara 15, pumzika, rudia mpaka utimize mafungu matatu. Kisha fanya tena mafungu matatu ukiwa umekunja goti kidogo. Alfredson aliagiza mazoezi hayo mara mbili kila siku.

Hapa ndipo pa kukumbuka mahali panapouma. Kama uchungu uko pale pale kwenye mfupa, usishushe kisigino chini ya kizingiti. Fanya zoezi hilo katika ardhi tambarare tu, maana kukishusha sana huubana ukano juu ya mfupa na kuuchokoza. Kwa sababu hiyo hiyo, usiuvute mguu kwa nguvu ukidhani unaunyosha.

Uchungu kidogo wakati wa zoezi hauna ubaya. Kipimo ni asubuhi ya pili. Ukishuka kitandani na ugumu ni ule ule wa jana au umepungua, endelea. Ukiwa umezidi, jana ulifanya mno, ama zoezi ama shamba, na leo upunguze.

Na kuhusu shamba lenyewe, mara nyingi kazi yaweza kugawanywa. Yule mzee wa Lambwe alibadilishana na mwanawe. Kijana alishika plau, yeye akaongoza maksai kwa mbele, ambako ardhi haijapinduliwa na mguu hauzami. Siku moja alilima, siku iliyofuata alipalilia akiwa ameketi juu ya kigoda, au alirekebisha ua. Ukano hupenda siku moja ya kupumua baada ya siku ya kazi nzito. Bila shaka si kila nyumba ina kijana wa kushika plau, na mama mjane mwenye ekari mbili huko Nyatike hana wa kubadilishana naye. Kwake yeye twashauri kulima asubuhi tu na kuacha jua likipanda, hata kama kazi itachukua siku mbili zaidi. Siku mbili si kitu mbele ya miezi sita ya ukano uliokatika.

UKANO UKIKATIKA

Hili ndilo tunaloliogopa. Ukano uliochoka kwa muda mrefu waweza kukatika ghafula, mara nyingi mtu anaporuka mtaro au anapomkimbiza ndama. Waliopatwa husimulia jambo moja: walisikia mlio kama fimbo ikivunjika, wakageuka kumtazama aliyewapiga teke kwa nyuma, wasimwone mtu. Baada ya hapo huweza kutembea kwa kuchechemea, na hiyo ndiyo hatari, maana mtu hufikiri ameteguka tu.

Kuna njia ya kupima, ambayo daktari wa Marekani aitwaye Thompson aliieleza mwaka 1962. Mgonjwa alale kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda. Mtu mwingine aliminye shavu la mguu wake. Ukano ukiwa mzima, wayo hujisogeza. Ukano ukiwa umekatika, wayo hukaa kimya. Ukiona hivyo, usingoje siku ya soko. Mfunge mguu kwa ubao, vidole vikielekea chini, usimwache akanyage, na umfikishe hospitali ya kaunti, Homa Bay au Migori, siku hiyo hiyo. Ukano uliokatika ukitibiwa mapema hupona, mara nyingine hata bila kupasuliwa, kwa kufungwa plasta vidole vikiwa chini. Ukikaa majuma mengi, ncha zake hukimbiana, na kazi ya daktari huwa ngumu.

Nenda hospitali vilevile kama kisigino kimevimba, kimekuwa chekundu na cha moto, na una homa, au kama kano za miguu yote miwili zimeanza kuuma kwa pamoja bila kazi nzito. Wenye ugonjwa wa kisukari wasijitibu wenyewe, na kila jioni wakague visigino vyao wasije wakapata kidonda kilichosababishwa na kipande bila kusikia uchungu.

HABARI ZA DAWA MOJA

Jambo hili halijulikani na wengi, nasi tumeliweka mwisho ili lisisahauliwe. Iko dawa iitwayo ciprofloxacin, ambayo watu huiita sipro, inayotolewa kwa homa ya matumbo, kwa ugonjwa wa mkojo, na kwa mengine. Ni dawa njema inapoagizwa na daktari. Lakini dawa za jamaa hiyo zaweza kudhoofisha kano, na ukano wa kisigino kuliko nyingine zote. Mwaka 2008 idara ya Marekani inayosimamia madawa iliwaamuru watengenezaji waweke onyo kali juu ya jambo hilo. Uchungu waweza kuanza baada ya siku mbili tu za kumeza, au miezi kadhaa baada ya kumaliza. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtu aliyepita miaka 60, na kwa anayetumia dawa za jamii ya steroidi, kama zile wanazopewa baadhi ya wenye pumu au baridi yabisi.

Kwa hiyo, kwanza, usinunue sipro dukani kila unapohisi homa. Pili, ukiwa unaimeza na nyuma ya kisigino kukaanza kuuma, usimeze kidonge kingine kabla ya kurudi kwa aliyekuandikia, tena rudi siku hiyo hiyo ili akubadilishie, maana ugonjwa uliokupeleka kwake bado wahitaji dawa. Mwambie waziwazi: kisigino kinauma, nami nameza dawa hii.

Mtu asikubali pia kudungwa sindano ya steroidi ndani ya ukano wenyewe. Uchungu huweza kutoweka kwa majuma machache, naye hufurahi na kwenda kuruka mitaro, kumbe ukano umezidi kudhoofika. Kuchanjwa kwa wembe nyuma ya kisigino hakusaidii kitu, na wembe wa kushirikiana una hatari zake ambazo kila mtu anazijua.

Vipande vivaliwe kila siku, shambani na nyumbani pia, kwa majuma 12 hivi. Yafaa kuwa na jozi nyingine kwa viatu vya kanisani. Baada ya hapo, kama asubuhi huamki tena na ugumu, usivitoe kwa siku moja. Chonga tabaka moja, uvae hivyo majuma mawili, kisha chonga jingine. Mwaka unaofuata usingoje Machi: tangu katikati ya Januari anza kutembea zaidi kila juma, na zoezi la kizingiti lifanywe mara tatu kwa juma, ili mvua ikinyesha ukano uwe umekwisha kuamka.

Mwishoni mwa Aprili tulipita tena Rodi Kopany. Mzee alikuwa pale pale mbele ya fundi. Mahindi yake yalikuwa yamefika magotini, alisema, na ugumu wa asubuhi ulikuwa umebaki wa hatua mbili tatu. Alikuwa ameleta vipande vyake, patipati ya juu ikiwa imebonyea kabisa. Fundi alitoa rula, akapima, akakata vingine, na safari hii mzee alimpa viatu vyote viwili kabla ya kuulizwa.